Chaki ya Mwaka Hamsini na Saba

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza duniani. Nasema hivyo bila kujivuna, ingawa wanaonijua watakuambia kwamba kujivuna nako nakuweza. Nilishuka Dubai na begi moja la mgongoni na cheti cha darasa la nane, na leo nina gereji Al Quoz yenye mafundi kumi na mmoja, nakaa Jumeirah Village Circle kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye bwawa la kuogelea chini, na watu wenye digrii mbilimbili hunipigia simu kuniuliza kama gari la zamani wanalotaka kununua ni la kweli au ni la kubandikwabandikwa. Nimeona tajiri akitokwa na machozi kwa sababu ya mkwaruzo usiozidi ukucha. Nimeona magari mawili yaliyokufa yakiunganishwa kiunoni na kuuzwa kama gari moja zima. Kwa hiyo mwaka jana, asubuhi moja, nikiwa nimelala chini ya Thunderbird ya mteja, simu ilipolia na Bi Zuwena akasema, "Mutua, Ami yako katangulia, baba," nililia, ndiyo, nilikaa chini ya gari lile mpaka vijana wakadhani nimesinzia, lakini sikushangaa. Ami Suleiman alikuwa mzee na alikuwa mgonjwa. Cha kunishangaza kilikuwa kinanisubiri kwake, Al Baraha, siku ya tatu ya msiba, tena jikoni, kati ya masufuria. Nitakifikia. Kwanza sharti niueleze mwaka 2012, kwa sababu kila nilicho nacho kilizaliwa mwaka ule, na kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikiusimulia vibaya.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mlinzi wa lango kwenye ghala moja Jebel Ali, upande ambao malori ya makontena hupita mchana kutwa na vumbi halipati nafasi ya kutua. Nilikuwa na sare ya bluu, redio ya mkononi, kiti cha plastiki, na kibanda cha bati chenye kiyoyozi kilichokohoa kama mvuta sigara. Ghala lilikuwa mali ya Mwarabu mmoja ambaye sote tulimwita Arbab, yaani bosi, mtu mpole, mfupi wa maneno, aliyerithi kwa babake mapenzi ya magari ya Kimarekani. Humo ndani yalikaa magari thelathini na mawili, yote ya miaka ya hamsini na mwanzo wa sitini, yamefunikwa mashuka meupe kama wagonjwa wa wadi moja. Ulinzi nilikuwa nao kwenye sare tu. Mikono yangu ilikuwa ya fundi wa bodi. Nilianza kunyoosha mabati Machakos nikiwa na miaka kumi na minne, na hapakuwa na fundi wa jua kali mji mzima aliyeweza kupiga filla, ile lipu ya kuziba mibonyeo, kwenye mlango ukaonekana haujawahi kugongwa, kama mimi. Kila shuka lilipoinuka nikaona pezi jekundu la nyuma ya gari likichungulia, viganja vilinitoka jasho. Na haikuwa tamaa ya bure. Mkataba wangu na kampuni ya ulinzi ulikuwa unaisha mwezi wa nane, kampuni ilikuwa inapunguza watu, na asiyeongezewa mkataba alipewa tiketi na mkono wa kwaheri. Arbab akinichukua karakana yake na kunihamishia viza, nimebaki. Asiponichukua, narudi nyumbani na miaka miwili ya kukalia kiti cha plastiki.

Chumba chetu kambini kilikuwa na vitanda vinane vya kupandana na dirisha moja lisilofunguka. Tulipika kwa zamu. Zamu yetu Wakenya ilikuwa ugali na spinachi, maana sukuma wiki ya Dubai iliuzwa kama dawa, na tulikula tumekaa kwenye ukingo wa vitanda vya chini, sahani mapajani, huku kila mtu akihesabu miezi iliyobaki kwenye viza yake kama wanawake wanavyohesabu miezi ya mimba. Barasa, kijana wa Bungoma aliyekuwa mlinzi wa maduka, alilala kitanda cha chini yangu, na kazi yake ya pili ilikuwa kunikata maini.

"Buda, wewe unaota magari ya mababu," aliniambia. "Huyo Arbab hata jina yako hajui. Anakuitanga nani?"

"Sadiki," nikasema, yaani rafiki kwa Kiarabu.

"Sadiki! Hata ile paka ya hapo nje anaiita sadiki. Tena hiyo inapewa samaki."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka, lakini usiku huo ugali haukushuka vizuri.

Aliyelijua jina langu alikuwa Ami Suleiman. Alikuja kila asubuhi kwa treni kutoka Deira, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, ndevu zilizopakwa hina, na ovaroli ameikunja kwapani kama gazeti. Alizaliwa Unguja lakini alikuwa ameishi Dubai tangu ujana wake, fundi wa babake Arbab kwanza, kisha wa Arbab mwenyewe. Funguo za ukumbi wa magari zilikuwa mbili tu: mmoja kwa Arbab, mwingine shingoni mwa Ami, kwenye uzi mweusi, ndani ya kanzu. Babake Arbab alimvalisha kwa mkono wake, na toka hapo, karibu miaka thelathini, haukumtoka. Siku ya kwanza aliponisemesha alisimama mbele ya kibanda changu akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa.

"Weye mlinzi, jina lako nani?"

"Mutua, mzee."

"Mzee ni babako. Mie niite Ami. Watu wa bara nyinyi mkiona mvi tu, mzee, mzee."

Nikaona mlango umefunguka, nikajitupa ndani. Nikamwambia mimi si mlinzi wa kuzaliwa, mimi ni fundi wa bodi, tena fundi hasa. Akasikiliza. Kisha akanyoosha kidole ndani ya ukumbi, kwenye gari moja la buluu lililokuwa limefunuliwa. "Haya, fundi. Ile pale ya mwaka gani?"

"Ni ya zamani."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. "Ya zamani! Yakhe, hata babu yako wa zamani, lakini ana jina."

Ijumaa iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, alinialika kwake kula. Nimekula hoteli kubwa za mji huu tangu wakati huo, nimekula nyama iliyoletwa na ndege, lakini nikiulizwa chakula nilichoshiba maishani nitataja pilau ya Bi Zuwena, mkewe Ami, ghorofa ya tatu Al Baraha, kwenye jengo la zamani lenye ngazi zilizonuka udi na samaki wa kukaanga. Sebule ilikuwa nyembamba, mito imepangwa ukutani, na kila mahali palikuwa na kipande cha gari: kifuniko cha gurudumu juu ya kabati, taa nyekundu dirishani, na bampa, bampa zima, chini ya kitanda chao. "Mie nalala na Impala miaka kumi na mbili," Bi Zuwena alilalamika akimimina chai ya maziwa. "Wenzangu wamewekewa dhahabu chini ya kitanda." Ami alijifanya hakusikia. Sahani zilipoondolewa alichukua bakuli la tende akaanza kuzipanga kwenye mkeka, tatu kushoto, tatu kulia.

"Impala. Unaitazama kwa nyuma. Taa tatu za duara huku, tatu huku. Mwaka gani?"

Nilikuwa nimeshafundishwa wiki nzima langoni. "Hamsini na nane."

"Au?"

"Au sitini."

"Sasa utajuaje?"

"Mabawa, Ami. Ya sitini yamelala, makali kama kisu. Ya hamsini na nane hayana ncha."

Alikula tende moja kwa furaha, akavuruga taa zangu, akalaza ndizi mbili mbivu badala yake, moja kila upande, zimepinda kama macho ya paka. "Na hii?" Hamsini na tisa, nikasema, na Bi Zuwena akapiga makofi kutoka jikoni. Leo vijana wangu wa gereji nawafundisha kwa tende hizohizo. Wana simu zenye picha za kila gari lililowahi kutengenezwa, lakini waambie wafumbe macho wakuonyeshe taa za Impala ya hamsini na tisa, watababaika. Mimi sibabaiki. Nilizila.

Kwenye mkeka ule nilisoma kuliko nilivyosoma darasani. Ami alinieleza jinsi Wamarekani, vita vikubwa vilipoisha, walivyokuwa na chuma, petroli na furaha tele, na mchoraji mmoja alipoiona ndege ya kivita yenye mikia miwili akaenda kuyatia mapezi madogo kwenye gari la mwaka 1948. Watu wakayacheka, kisha wakayataka. Kila mwaka mapezi yakapanda, mpaka Eldorado ya hamsini na tisa ikawa na mapezi ya kumfika mtoto kifuani na taa mbili mbili kama risasi, na baada ya hapo yakaanza kushuka, kwa sababu, Ami alisema, hata majivuno yana dari. Alinitazama aliposema hivyo. Alinieleza Fairlane Skyliner, gari lenye paa la chuma lililojikunja lenyewe na kuingia kwenye buti kama kobe anayerudisha kichwa. Alinieleza jinsi walivyobadilisha sura ya gari kila mwaka ili jirani mwenye la mwaka uliopita aone haya kuliegesha nje. Na alinieleza Bel Air, gari la mtu wa kawaida lililovaa kama la tajiri: ya hamsini na tano petroli yake hutiwa kwenye kijilango ubavuni, ya hamsini na sita tundu limefichwa nyuma ya taa ya kushoto, na ya hamsini na saba, mwenyewe huyo, limefichwa ndani ya nakshi ya pezi la kushoto. Siku moja Arbab alitoka na ile ya hamsini na sita, na mtumishi wa kituo cha petroli akaizunguka mara tatu na mpira mkononi, mpaka akauliza kwa adabu, "Sir, hii ya umeme?"

Mwezi wa nne kontena lilifunguliwa, ikatoka Bel Air ya hamsini na saba ambayo Arbab aliitafuta kwa miaka mingi. Rangi yake ilikuwa ya kijani cha maji, imefifia, imepasuka hapa na pale kama kisigino. Dhahabu ya kwenye wavu wa mbele imechoka. Kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi usiofanana. Kwa macho ya Machakos lilikuwa gari linalolia lisaidiwe. Arbab aliigusa boneti kwa ncha za vidole, akatabasamu, akasafiri, na kusema atarudi baada ya wiki mbili na wageni wake kuja kulitazama. Ami na Bi Zuwena nao walikuwa na safari ya Umra ya siku kumi. Asubuhi ya kuondoka Ami alikuja kibandani, akauvua uzi mweusi shingoni, akaniwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa na joto la mwili wake.

"Fungua asubuhi, washa kiyoyozi, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Usiguse kitu kingine. Mkono ukikuwasha, ukune."

Mkono ukaniwasha. Siku ya tatu niliinua boneti ya Bel Air. Nyuma ya injini, kwenye ule ukuta wa chuma unaoitenga injini na miguu ya dereva, kulikuwa na michoro ya chaki na kalamu ya nta: namba, mstari uliopinda, herufi mbili kubwa, alama kama ya tiki. Kama mtoto mtundu alipita na chaki ya shule. Na hapo hapo wazo likaniingia, wazo zuri, wazo la fundi. Kwetu gari ukiachiwa ulirudishe likiwa bora kuliko lilivyokuja. Mteja anapaswa kufungua boneti akajiona sura. Wageni wa Arbab watafungua boneti hii. Wakikuta panang'aa, Arbab atauliza nani kafanya, na Ami atasema, Mutua, mlinzi wa langoni. Viza imehamishwa. Ijumaa nikaenda dukani kwa hela zangu mwenyewe, nikanunua thina, msasa, na kopo la rangi nyeusi ya kung'aa. Chaki ilitoka kwa kitambaa kimoja tu. Nta ilitaka kusuguliwa. Kufikia alasiri ukuta ule ulikuwa mweusi kama kioo cha jicho. Nilikuwa nimeupiga picha kabla, nikaupiga na baada, nikamtumia Barasa zote mbili.

"Manze!" akajibu. "Hiyo sasa ni kazi. Buda, uko ndani. Usinisahau huko juu."

Nilikuwa na furaha siku zile kama sijawahi kuwa nayo. Naitaja kwa sababu ni kweli.

Ami alirudi amenyolewa kichwa, na chupa ya zamzam na kifurushi cha tende kwa ajili yangu. Nilimrudishia ufunguo akauvaa, nikampeleka moja kwa moja kwenye gari, nikainua boneti mwenyewe, nikasimama kando. Aliinama. Akatoa miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Umeosha nini hapa?"

"Palikuwa pachafu, Ami. Mtu alichorachora na chaki. Watoto."

"Watoto," alisema polepole. "Watoto wa mwaka hamsini na saba." Akakaa kwenye ngoma ya gurudumu. "Mutua, gari hii ilipokuwa bado mabati matupu inapita kiwandani, kulikuwa na mtu kasimama na chaki. Kaandika injini gani itiwe, gia gani, ili mwenziwe wa mbele ajue. Mwenziwe katia, kapiga alama kwamba kaona. Hao watu huenda wamekufa. Gari imekwenda mikono mitatu, imevuka bahari, chaki ipo. Miaka hamsini na mitano. Chaki! Arbab hakununua rangi, hakununua kiti. Kanunua hiyo. Kwamba hapana mkono uliopita baada ya wale."

Nikasema, haraka haraka, kwamba dawa ipo: picha ninayo kwenye simu, chaki ni dirham moja, mkono wangu ni mwepesi, nitaziandika upya vilevile na hakuna Mwarabu wala Mzungu atakayejua. Na ningeweza. Naapa ningeweza, hata leo.

Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla wala baadaye. "Ukifuta, umekosea. Ukiandika, umeiba. Rangi mpya ipo dukani. Uongo ukishautia kwenye gari hii, utauosha kwa thina gani?" Akasimama, akaenda kwenye kabati la mafaili, kwani kila gari pale lilikuwa na faili lake la historia, akalileta la Bel Air na karatasi tupu. Alitaka niichapishe ile picha ya kabla niibandike, na chini yake niandike nilichokifanya. "Kwa mkono wako. Kwa Kiswahili, sina shida." Nilitoka jasho kwa karatasi ile kuliko kwa mlango wowote wa gari. Niliandika: *Alama hizi zilikuwa ukutani nyuma ya injini. Mimi Mutua nilizifuta na kupaka rangi nyeusi mwezi wa nne 2012. Nilidhani ni uchafu.* Akaisoma, akasahihisha neno moja, akaifunga ndani. "Haya. Sasa na weye umo kwenye tarehe, historia ya gari hii. Watu wanatafuta kwa mapesa kuingia humo."

Arbab alikuja siku ya pili yake. Aliinua boneti, akaganda. "Minu sawwa hadha?" aliuliza kwa Kiarabu chao, nani kafanya hivi, sauti ileile ya chini, na mimi mbele ya mtu yule mpole niliogopa kama sijawahi kumwogopa mtu mkali. Ami akaniashiria nitoke. Ofisi ilikuwa na ukuta wa kioo. Kutoka kibandani niliwaona lakini sikusikia. Arbab alikuwa ameshika faili. Ami alikuwa amesimama, mikono nyuma, akisema kidogo. Kisha Ami alinigeuzia mgongo na sikuona mikono yake tena. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alipotoka alipita kibandani bila kusimama. "Khalas. Rudi kazini."

"Amesemaje, Ami?"

"Kasema usinunue rangi tena."

Wiki ile utaratibu wa ghala ulibadilika. Ufunguo wa ukumbi uliletwa kukaa kibandani kwangu, kwenye sanduku la chuma, na kila anayeuhitaji alitakiwa kutia sahihi kwenye daftari la walinzi, saa ya kuuchukua na saa ya kuurudisha. Nilidhani ni mambo ya bima. Dubai kila siku kuna sheria mpya. Na kwa kuwa anayeingia ukumbini kila siku alikuwa mmoja tu, Ami akawa anasimama dirishani kwangu kila asubuhi, anainama kwa sababu dirisha lilikuwa chini, anaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu. "Nipe daftari lako, bwana mkubwa," alikuwa akisema. Na mimi, nikiwa nimefurahi kwamba sikufukuzwa, nilikuwa nikimtania: "Ami, leo umechelewa dakika tano, nitakuripoti." Alicheka kila mara. Mwezi wa nane, siku tisa kabla ya mkataba wangu kuisha, Arbab alisimama langoni, akaniita kwa jina, Mutua, akaniambia niache redio niingie ndani. Nilivaa ovaroli. Barasa aliposikia alininunulia kuku mzima na soda, na chumba chote kikala. Mikononi mwa Ami nikajifunza kazi ambayo hakuna fundi Machakos anayeijua, kazi ya kuacha: kujua mahali pa kutogusa. Ndiyo iliyonitajirisha. Wateja wangu hunilipa kwa nilichofanya, na hunilipa zaidi kwa nilichokataa kufanya.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi, na mwisho wake ulikuwa mmoja: Arbab, mtu mwenye jicho, aliona kwamba hata kosa langu lilikuwa la fundi mkubwa, akasema huyu hafukuzwi. Siku ya tatu ya msiba niliisimulia tena. Nilikuwa nimefika na Impala yangu ya sitini, watoto wa mtaa wameizunguka kule chini, na nimepandisha magunia mawili ya mchele ngazi zote zile. Sebule imejaa wanaume, mito ileile, taa ileile nyekundu dirishani, na mtu akaniuliza nilimjuaje marehemu. Nikaanza. Nilipofika kwenye "Arbab, mtu mwenye jicho," pazia likasogea na Bi Zuwena, amejifunika nguo nyeupe, akasema kwa upole, "Mutua, baba, njoo jikoni unishikie sufuria."

Hapakuwa na sufuria ya kushikwa.

"Hadithi hiyo umeisimulia mara ngapi?"

"Nyingi, Bi."

"Basi leo ndo mwisho kuisimulia hivyo." Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Arbab siku ile alishaandika barua kwa kampuni yenu, urejeshwe kwenu wiki ileile. Barua iko mezani. Ami yako kauvua ufunguo shingoni, kauweka juu ya barua. Kamwambia, ufunguo huu babako kanivalisha mie, hakumvalisha huyu mtoto. Mlango uliofunguliwa kwa ufunguo wangu nimeufungua mie. Akiondoka yeye, naondoka. Akibaki, basi ufunguo baki nao weye, mie nitaomba kama wengine." Akafuta macho kwa ncha ya leso, akacheka kidogo humo humo. "Miaka thelathini, ukitoa zile siku za Umra, ufunguo ule ukinikwaruza nikilala. Usiku ule nimegeuka, shingo tupu. Nikamuuliza, umepoteza? Kanambia, nimeubadilisha. Nikamuuliza, kwa nini? Kanambia, kwa fundi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na sikuwa na mahali pa kuweka mikono. Nilimwona anainama dirishani kwangu. Nilijisikia ninasema *dakika tano*.

"Kwa nini hakuniambia, Bi? Miaka yote hiyo?"

"Ungefanya kazi kwa haya. Yeye kataka ufanye kwa mikono." Akanyanyua kidevu kuelekea ukutani. Kwenye msumari, kati ya funguo za nyumba, ulikuwepo ule uzi mweusi na ufunguo wake. "Arbab kauleta jana. Kakaa pale, kalia kama mtoto. Na weye usiuangalie hivyo, sikupi. Huu wangu."

Sikuuomba. Nilirudi sebuleni, nikakaa palepale, na yule mtu akaniuliza, "Enhe, Arbab akasemaje?" Nikaisimulia upya kuanzia mwanzo, mara ya kwanza sawasawa, na sauti ya watoto ikapanda kutoka barabarani wakibishana juu ya Impala yangu, mmoja akisema ya hamsini na nane, mwingine akisema siyo, tazama mabawa.

Watu huniuliza, hasa vijana wanaotoka nyumbani na begi moja kama langu, kuwa mtu kama wewe kunagharimu kiasi gani? Nilikuwa nikiwatajia jasho, miaka, usingizi, na tarakimu kubwa kubwa. Sikuwa nikidanganya, nilikuwa tu sijui nani alilipa. Nimeshahesabu. Pilau alilipa Bi Zuwena. Kuku na soda alilipa Barasa. Bel Air alilipa Arbab, na chaki yake ya miaka hamsini na mitano. Shingo alilipa Ami Suleiman, Mungu amrehemu, kila asubuhi, kwa kuinama. Kutoka mfukoni mwangu mimi, Ijumaa ile, thina ilikuwa dirham kumi na mbili, msasa dirham nne na nusu, kopo la rangi nyeusi dirham ishirini na moja. Yote kwa yote, kuwa nilivyo kulinigharimu dirham thelathini na saba na nusu.